Volume iliyogoma kuondoka kwenye diski yangu, na fundi aliyeitaka sana

Wakuu, mwaka wenyewe ni ule wa unga wa njano. Mliokuwa Bujumbura mnaujua. Wavuvi walizuiwa kuingia ziwani, samaki wetu mukeke akawa ndoto, tukala ule unga wa msaada na mboga ya lengalenga mpaka watoto wanalia wakiona sufuria.

Salaam aleikum nyote. Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja, shule niliiacha darasa la tatu. Ninayoandika niliyaona kwa macho haya. Wa kubisha abishe, ila asome kwanza.

Mimi na binti yangu Zaina tulikuwa na secrétariat pale Bwiza. Kibanda cha kupigisha barua, kompyuta moja, diski mbili. Ya pili ilikuwa ya kuchomoa.

Kila jioni kabla ya couvre-feu, saa ya kukatazwa kutembea, Zaina aliichomoa, akaitia mu sufuria, akaifunika lengalenga, tukaenda nayo nyumbani Buyenzi. Msinicheke. Pale barrière ya njiani askari walipekua mikoba, mboga za bibi hawakuzigusa.

Diski ile iligawanywa volume mbili, kama nyumba ya vyumba viwili. Ya kwanza ilishika attestation, yaani vyeti, za watu ambao karatasi zao ziliungua. Ya pili ilishika orodha ya chakula cha msaada: majina, kilima walichokimbia, na nyumba wanamojificha.

Mnaelewa? Miaka ile orodha ya namna hiyo ikianguka mikono mibaya, watu wanauawa toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Ugawaji ulipoisha nikamwambia Zaina afute. Akafuta.

Nikaita fundi ahakikishe. Tumwite Désiré. Alikuwa mgeni mtaani, na viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko kazi yake. Akabofya kidogo tu, orodha ikarudi yote!

"Umeona, Mama? Kufuta hivi ni bure. Tuondoe volume nzima."

Halafu akaanza kuisoma. Midomo inacheza kabisa. Nikatupa kitenge changu juu ya kioo.

"We fundi, mi nilikuita ufute ama usome?"

Akacheka peke yake. Akajaribu kuiondoa volume. Ikagoma. Maandishi yakatoka: volume inatumika. Akazima, akawasha. Inatumika.

"Inatumika na nani?" nikamwuliza. "Tuko watatu hapa, hakuna mutu anaigusa."

"Hii ni kazi nzito, Mama. Nipe diski niipeleke Kiriri, rafiki yangu ana mashine kubwa. Kesho unaipata."

Kiriri! Wakuu, fundi wa Bwiza ana rafiki gani kule kwenye majumba ya wakubwa? 

"Apana. Diski yangu haitoki mu mikono yangu."

Akasema atafanya bure. Hapo ndipo nikaogopa kweli.

Alipoondoka nikamkalisha Zaina. Nikamwambia, nyumba ikikataa kubomolewa, kuna mutu bado amelala ndani. Ulimweka nani humo?

Akafikiri, akafikiri, akashika mdomo.

"Mama, ni mashine yenyewe!"

Kumbe diski ya kwanza ilipojaa, alikuwa ameiambia kompyuta iweke mémoire virtuelle yake kwenye ile volume ya orodha. Ndiyo mahali mashine inapotua mzigo kichwa kikijaa. Sasa itakubalije kuondolewa na yenyewe imekaa humo?

Akafuta takataka kwenye diski ya kwanza, akairudishia mémoire virtuelle, akazima, akawasha. Volume ikaondoka bila hata kukohoa.

Sikuridhika. Nilishaona orodha ikifufuka. Zaina akatengeneza volume mpya palepale, tukaijaza kaswida mpaka mashine ikasema nafasi imekwisha. Orodha yote ikazikwa chini ya kaswida. Attestation za watu hazikuguswa.

Nilichojifunza: volume ikigoma, usikimbilie kutoa diski kwa mutu. Tafuta kwanza nani anaitumia. Na anayekurekebishia kitu, mtazame macho yanaangalia wapi.

Wajuzi, nisaidieni hapo chini. Fundi mwenye diploma anaweza kweli asilijue jambo hilo? Ama alilijua akanyamaza? Mpaka leo silali upande mmoja kwa hilo swali.

Kabla hamjamtetea, jueni kwamba siku mbili baadaye, jioni tukiwa tumeshafunga diski mu sufuria, alirudi na mwanaume ambaye hakutaja jina wala hakuvua miwani ya jua. Désiré hakunitazama. Mwenye miwani ndiye aliyesema, kwa sauti laini kama ya mkwe:

"Mama, tumesikia diski yako inakusumbua. Tupe tukusaidie."

Orodha haikuwemo tena. Lakini majina ya wenye attestation yalikuwemo, na Zaina alikuwa nyuma yangu, kichwani anazikumbuka nyumba zote za ile orodha. Wakiikuta kaswida tupu, watamwuliza yeye.

Nikaikumbatia ile sufuria, nikasimama mlangoni.

"Apana. Diski yangu haitoki mu mikono yangu."