Mbegu ya Zamani Wapeni Kuku

Mpaka leo nikisikia mtu anasifiwa kwamba anajua kuuza kwa maneno, damu inanichemka. Kazi hiyo nilifundishwa, nikaiweza, na namjua aliyeumia.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Ushirika ulikuwa umekufa, mbegu haziletwi tena vijijini, na kila mwenye mtaji kidogo alifungua duka la pembejeo Singida Mjini. Mwajiri wangu alikuwa karani wa ushirika kabla ya kupunguzwa kazini. Alinichukua kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na sauti nzuri. Kazi yangu ilikuwa kuandika tangazo la mbegu za alizeti na kulisoma kwenye kaseti, kisha pikapu yenye spika ilipitishe vijijini.

Tangazo la kwanza niliandika kama nilivyolelewa. Baba yangu akipeleka ng'ombe mnadani, alianza kwa kutaja kasoro yake, asije akalaumiwa baadaye. Nami nikaandika kwamba mbegu ni nzuri ila inataka mvua ya kutosha. Bosi alilisoma, akalikunja, akafutia vumbi la mizani.

"Binti, hapa hatutoi ushahidi mahakamani," alisema. "Usimwambie mkulima mbegu ni nzuri. Mwambie jirani yake ameshanunua. Watu hawanunui mbegu, wananunua kutochekwa."

Nilijifunza haraka, na nakiri nilifurahia. Tena wazo baya kuliko yote lilikuwa langu mwenyewe: tuache Kiswahili, tuseme Kinyaturu, lugha ya nyumbani kwetu. Kiswahili cha spika kilikuwa cha kodi na mikutano, watu walikisikiliza huku wanalima. Kwa Kinyaturu wangeacha jembe. Nikaanza kwa kuwaamkia wazee kwa heshima zote, kama mgeni aliyefika mlangoni, halafu nikamaliza: mbegu ya zamani wapeni kuku. Bosi alicheka mpaka akatoa machozi.

Magunia ya mbegu niliyaona. Yalikuwa yamekaa stoo chini ya bati misimu miwili, mengine yakinuka ukungu. Nilipomuuliza, alisema kazi yangu ni maneno, magunia ni yake. Nikanyamaza. Hilo sijajisamehe.

Wiki mbili baada ya mvua za kwanza nilikwenda kijijini Sepuka kumsalimia shangazi, dada yake baba, aliyenisomesha kwa jasho la alizeti. Shamba lake lilikuwa udongo mtupu, mche mmoja hapa, mwingine kule. Kila mwaka alikuwa akichagua mbegu kwenye vichwa vikubwa na kuzihifadhi kwenye kibuyu juu ya meko. Nilikiangalia kibuyu, hakikuwa na kitu. Alikuwa amewapa kuku, kama nilivyomwambia.

Hakunilaumu. Alisema tangazo lilikuwa zuri, hata watoto wanaliimba. Afadhali angenipiga.

Nilirudi mjini nikamtaka bosi awape watu mbegu nyingine, na pikapu izunguke tena kuwaeleza ukweli. Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea. "Tangazo la kuomba radhi linauza nini?" aliuliza. Huyu ni mtu aliyekula mshahara wa jasho la wakulima hao hao miaka yote ya ushirika, na shangazi yangu alikuwa mmojawapo. Nilimwambia hana haya. Akaniambia niache ufunguo wa duka mezani.

Kwa hela yangu ya mwisho nilinunua mbegu kwa mkulima mmoja niliyemwamini. Nikaotesha chache kwenye kitambaa chenye maji, zikachipua zote. Nikapanda lori la kwanza nililopata, maana siku za kupanda zilikuwa zinakwisha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

Nilimwekea mfuko miguuni. Nikamweleza kwa Kinyaturu, taratibu, kwamba hizi ni nzima, nimezijaribu kwa mikono yangu, na wiki hii ikipita msimu umekwenda.

Alichota mbegu kidogo, akazigeuzageuza kiganjani, akazirudisha mfukoni. "Sauti ni ile ile ya kwenye spika," alisema. "Sasa hapa ni wewe unayeniambia, mwanangu, au ni duka?"

Nikaapa kwamba ni mimi. Nikajisikia mwenyewe jinsi nilivyoapa vizuri.

Mwaka ule shangazi hakupanda alizeti.