Mkono wa Sweta ya Kijani

Ndugu yangu aliuawa mara moja tu, sokoni Kianjai, lakini kwenye kompyuta za saiba ninayofanyia kazi hapa Siakago aliuawa mchana kutwa. Mtu alichukua video ya kile kipigo, akakata kipande kifupi, akakigeuza picha inayojirudia yenyewe. Mwenye tovuti moja ya habari za huku kwetu akaibandika juu kabisa, ubavuni mwa matangazo ya kazi. Watu walikuja kutafuta kazi, na kila aliyefungua ukurasa ule alimfufua ndugu yangu ili apigwe tena.

Nilichukia mno. Video ina kitufe cha kuisimamisha, hata redio ya babu ilikuwa nacho, lakini kitu hiki hakikuwa na chochote. Nilibonyeza kila mahali kwenye brauza, nikaipiga kibodi kwa ngumi, na ule mkono wenye sweta ya kijani ukaendelea kupanda na kushuka juu ya kichwa chake. Ni nani huyo mwenye roho ngumu ya kutengeneza kitu kama hicho bila breki?

Sweta tuliijua sote, kwa sababu mama ndiye aliyeifuma. Kwetu Kanja kijana akitahiriwa huwa na mutiri, mwanamume wa kumshika siku ya kisu na kumuuguza mpaka apone. Kuanzia hapo huyo ni baba yake wa pili, na hawezi kumnyanyulia mkono hata wakikosana vipi. Mutiri wa ndugu yangu, mama alimshukuru kwa sweta ya kijani yenye mistari myeupe mikononi. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Basi kijiji kizima kilipoitazama ile picha kiliona jambo moja: mutiri amemuua mwanawe. Wawili hao walikuwa wamekwenda Kianjai pamoja kununua miraa, watu wakamwitia ndugu yangu mwizi, marungu yakatoka. Mutiri hakuonekana hata mazishini. Binamu zangu wakasema ushahidi gani mwingine unatakiwa. Mimi nilitaka achomwe akiwa ndani ya nyumba yake, na nililisema hilo waziwazi.

Mama pekee ndiye alikuwa hajaiona. Asubuhi moja akashuka mpaka Siakago, akaketi karibu nami, akaniambia kwa Kiembu chake cha pole kwamba wale binamu zangu wameshanoa mapanga. Alikuwa amewaomba wangoje mpaka arudi, kwani yeye alitaka kwanza kuona kwa macho yake. Nikamfungulia. Aliutazama ule mkono ukipanda, ukishuka, ukipanda tena, huku ameziba mdomo kwa leso.

"Simamisha," akasema.

"Haisimami, mama."

"Usiniambie haisimami. Simamisha nimwone."

Nikaihifadhi ile picha kwenye kompyuta, nikaifungua kwa programu ninayotengenezea picha za pasipoti. Ikajitandaza vipandevipande, kila kipande kimetulia peke yake, nasi tukaanza kuvipitia polepole.

Rungu lilitoka upande wa kushoto, likiwa kwenye mkono mtupu wa mtu ambaye mwili wake haukuingia pichani. Ndugu yangu alikuwa chini, damu imemjaa sikioni. Halafu mkono wa sweta ukapanda, kiganja kikiwa wazi, hakikushika kitu. Kipande kilichofuata, rungu lilikuwa limeupiga mkono huo, nao umepinda katikati ya kiwiko na kiganja, mahali ambapo mkono haupindi. Ukaanguka. Hapo ndipo rungu la pili lilipompata ndugu yangu utosini, bila kizuizi, na picha ikarudi mwanzo. Ikikimbia, jicho lilishika ile rangi ya kijani tu, ikipanda na kushuka.

"Alikuwa anamkinga," mama akasema. "Wamemvunja mkono. Kumbe ndiyo sababu hakuja kumzika."

Nikampigia binamu yangu mkubwa. Alipopokea nilisikia kelele za watu wengi na mbwa akibweka.

"Msimguse!" nikapiga kelele, saiba nzima ikageuka. "Si yeye! Ngojeni mama!"

"Sista, umechelewa," akajibu, pumzi zikimpaa. "Hiyo maneno tumemalizana nayo. Na hata hakupigana, mkono moja alikuwa ameufunga na kitambaa. Cheki, nimekutumia."

Simu ikalia kidogo mkononi mwangu. Picha ikajifungua, ikaanza kucheza bila kuniuliza: migomba, sweta ya kijani imelala matopeni, panga linapanda, linashuka, linapanda tena. Mama akaninyang'anya simu. Akaibonyeza kwa kidole gumba, huku na huku, kwa nguvu zake zote, akilia na kuniuliza inasimamishwa wapi.