Kanga Nyekundu ya Zuena

Zuena wa Mwenge ni mtu wa mkono mkunjufu na mdomo upanga, ila neno "samahani" halijui. Analoshindwa kulisema hulitundika mlangoni, maana biashara yake kanga, na kanga zina maneno.

Siku Farida, jirani yake muuza vyombo, alipopita na wazo lake, Zuena alicheka mpaka mtandio ukadondoka. Eti wenye maduka wachange, wakodi uwanja wa nyuma, na mteja akinunua duka lolote agongewe muhuri, aegeshe gari bure.

"Anunue sufuria kwako, maegesho nimlipie mie? Thubutu!"

Wenzake wote wakachanga. Kesho yake mlangoni kwa Zuena ikaning'inia kanga nyekundu: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Farida akaisoma, akaelewa anaambiwa yeye ndiye anayebebwa na bahati ya Zuena. Mashoga wa miaka yote, sasa hata salamu ikawa ya kutafutana.

Haya, umwamba huo wote, kumbe roho juu! Mwalimu Atuganile wa Ubungo, aliyekuwa akimletea kila shughuli ya kinamama wenzake, alifungiwa gari mnyororo na watu wa maegesho mbele ya duka, akaapa kutokanyaga tena Mwenge. Na sasa anaoza binti. Sare za ukumbi mzima! Zuena alipiga simu, haikupokelewa. Oda ile ikienda kwingine, duka atalifunga, na hilo alilijua.

Jumamosi akasikia, "Hodi humu!" Mwalimu huyo, kakumbatia kibao cha mbuzi kipya.

"Mwalimu! Gari umeliacha wapi, jamani?"

"Uwanja wa nyuma, bure kabisa; nisingesikia habari zake, huku nisingekanyaga. Nimenunua mbuzi kwa Farida, kanigongea muhuri. Nikamwambia nina harusi, natafuta sare. Akasema, kanga ni kwa Zuena tu, usihangaike."

Zuena aibu ikamshika mpaka masikioni. Oda aliipokea, furaha ikagoma kuja. Mwalimu alipoondoka tu, akapanda kigoda, akaishusha ile kanga, akaikunja vizuri, akaenda nayo pamoja na mchango wake mpaka kwa jirani.

"Mchango huu. Na hii yako, ujitande."

Farida akaikunjua, akasoma. "Hujachoka tu kunisema, Zuena?"

"Soma vizuri, shoga. Nyota ni yako. Msafiri ndiye mie."

Farida akamtazama, akaangua kicheko, akajitanda.