Daktari wa Dirishani

Siku nilipomwona mara ya kwanza, daktari wa ngozi alikuwa akisugua viganja vyake, maana hapendi kumgusa mgonjwa kwa mikono baridi. Nilitoka Mwaloni, ninakouza dagaa, nikiwa na baka jeupe mkononi. Nilimwambia kwamba kwa kuhofia ukoma nakula peke yangu, mke na watoto kando. Akanisogeza dirishani, kwani taa, alisema, hudanganya rangi ya ngozi. "Fumba macho, baba. Nikikugusa, sema." Pamba ikapita juu ya baka, nyepesi kama nzi anapotua. "Hapo," nikanong'ona. Akakwangua kidogo kwa wembe, akachungulia kwenye hadubini, kisha akarudi kuushika mkono uleule. "Ni mba tu. Ingekuwa ukoma, usingeisikia pamba. Leo kaleni sahani moja."