Hakimbii Asiyesimama Konani

Saa mbili asubuhi, uwanja wa mnada wa Katesh umeanza kutimka vumbi, na Judica Hhando ameweka mkokoteni wake wa punda katikati ya njia makusudi. Nyuma yake mikokoteni tisa inasubiri mbio zianze. Watu wanapiga miluzi. Judica, mwenyekiti wa waendesha mikokoteni, hana habari nao. Anamnyooshea Modest kitambaa chekundu.

"Shikamoo, mama Agatha. Nipishe basi," anasema Modest, bingwa wa miaka mitatu mfululizo.

"Marahaba. Kasimame zamu yako konani kwanza."

Modest anacheka. "Bingwa nikasimame na kitambaa kama mtu anayefukuza nyani shambani?"

Sheria ya Judica ni fupi. Kundi moja likikimbia, jingine linasimama kwenye kona kuwaonya wanaokuja kama mbele kuna ajali. Asiyesimama hakimbii, awe bingwa au mgeni.

Ameipata kwa maumivu. Mwaka jana mkokoteni ulipinduka kwenye kona ya korongo. Mtazamaji aliyewekwa pale kuonya alikuwa ameshakimbilia mwisho wa njia kumwona mshindi. Judica akaja mbio na mkokoteni wake, akauparamia, mguu ukavunjika. Mama huyu, ambaye kubeba maji na magunia ya watu humpa kama shilingi elfu nne kwa siku, alilishwa na dada yake huko Maretadu hadi mvua zikaisha.

"Mtazamaji anamwangalia anayeongoza," anasema. "Mwendeshaji anaangalia gurudumu. Simlaumu yule, mbio ni tamu. Ila kona siwapi tena watazamaji."

Tuseme kweli, Judica ni mbishi, na leo ubishi wake una gharama. Wolfgang, mwenye mashine ya kusaga aliyetoa dume la ng'ombe liwe zawadi, anamsogelea. Watu wamekuja kumwona Modest, anamwambia. Modest asipokimbia, dume linarudi zizini.

"Lirudi!" Judica anajibu, mpaka wauza mbuzi wanageuka.

Tekla, mwendeshaji mwenzake, alitegemea dume lile kulimia shamba lake la Dirma. "Dada, umetuponza," anasema, machozi yakimlengalenga. Kisha anashuka, anakichukua kitambaa mkononi mwa Judica na kuelekea korongoni. Wengine wanne wanamfuata wakinung'unika.

Modest anageuza punda wake na kuondoka. Dume nalo linaswagwa kurudi kwao.

Mbio zinafanyika bila zawadi. Hakuna mkokoteni unaopinduka, na wapo wanaosema basi vile vitambaa vilikuwa kazi bure. Judica anawasikia. Anachechemea kwenda kuwafungulia punda wake wakanywe maji.

Mwakani anataka kupanda tena yeye mwenyewe, mguu upende usipende, na chama kichangishane kununua zawadi. Modest akirudi atapokelewa, na zamu yake ipo.

"Dume tutalipata, hapa ni mnadani," anasema. "Mguu wa mtu nimeuona ukiuzwa wapi?"