Kamba ya Kiunoni katika Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya misheni kule Iringa, sikupewa dawa wala sindano. Nilipewa mkanda. Sisi wanafunzi wa uuguzi tulivaa wa kitambaa cheupe. Waliofuzu, wa buluu wenye bizimu, yaani kile chuma cha kufungia. Nilimuuliza Sista Mkuu mkanda unamsaidia nini mgonjwa.

"Unamwonyesha amwite nani," alijibu. "Haya, funga, na upunguze maswali."

Sikuyapunguza.

Nilipofuzu, katikati ya miaka ya hamsini, nilihamishiwa wodi ya wazazi Mbeya. Metroni, mkuu wa wauguzi pale, alikuwa na kanuni fupi: anayeingia kujifungua avue kila kitu. Shanga na kamba za kiunoni zilikatwa kwa mkasi.

Asubuhi moja aliletwa mama kutoka upande wa Chunya, mtoto amekingama tumboni. Kiunoni alikuwa na kamba ya gome la mti. Mimba zake za nyuma ziliharibika. Mimba hii, mama mkwe wake aliifungia kamba ili ikae. Mgonjwa alipoona mkasi alishuka kitandani, akatafuta kanga yake.

"Naenda zangu, nesi. Aliyefunga ndiye anafungua."

"Mama, utafia njiani."

"Basi nifie huko."

Mimi sikuiamini ile kamba. Lakini hata mkanda wangu wa buluu haukuwahi kuzalisha mtu. Nikamwendea Metroni.

"Mama mkwe wake yuko nje. Aingie kidogo tu."

"Ndugu hawaingii humu."

"Mgonjwa anaondoka, Metroni. Daktari atageuza mtoto wa nani?"

Alinionyesha beseni. "Anawe mikono kwanza."

Yule bibi alinawa mpaka viwikoni, akapiga magoti, akalegeza fundo taratibu. "Haya, mwanangu, nimekufungua. Sasa uwasikilize hawa." Mama akapanda kitandani mwenyewe. Daktari alimgeuza mtoto kwa mikono, na mchana akazaliwa wa kike, analia kwa hasira.

Kisha bibi akamfunga mzazi mkaja, kile kitambaa cha kubana tumbo baada ya kujifungua. Metroni akaupima kwa vidole.

"Umebana mno. Legeza."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Basi niache nifunge."

Metroni akacheka, akamwachia.

Baadaye nilisoma mpaka chuo kikuu, na sasa nimestaafu. Bado sijui ile kamba ilishikilia nini. Wauguzi vijana huniuliza kama niliiamini. Huwajibu kwamba yule mama alibaki.