Vidonge Vitatu Siku ya Kipaimara

Asubuhi zetu za Kibamba zilianza na kisigino cha mama kikigonga sakafu, ko-ko-ko, kabla hata muuza maandazi hajapita. Daktari alisema kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia mishipa yake ya fahamu, ndiyo maana misuli ilikaza na miguu kurukaruka bila ruhusa yake. Vidole vyake vilishindwa kuminya vidonge vya kulegeza misuli kutoka kwenye pakiti, kwa hiyo mie, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyempa: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiongezewe. "Mwanangu, huku kukakamaa ndiko kunakonisimamisha," alisema. "Nikilegea sana nitaanguka puu." Nilimsikia vizuri kabisa.

Mwezi mzima kabla ya kipaimara changu alijizoeza kusimama, ameshika meza, jasho linamchuruzika. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alitaka MC akiita wazazi waje kulishwa keki, aje kwa miguu yake mwenyewe. Mie nilitaka miguu yake itulie tu, basi. Wenzangu wa mafundisho walikuwa wakiiigiza miguu hiyo nyuma ya kanisa, wakicheka mpaka wanashika mbavu, na mie, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Siku ya sherehe nikaminya vidonge vitatu. Alivimeza bila kutazama, akasema, "Ahsante, nesi wangu."

Chini ya turubai miguu ilitulia tuli. Nilifurahi mno! MC akaita, "Mama mzazi, twende kazi!" Mama akainuka, akapiga hatua moja, magoti yakaisha nguvu, akaanguka kifudifudi mbele ya wageni, gauni la kitenge limempanda mapajani. "Eh, mama kaanza kulewa mbege mapema leo!" MC akasema kwenye maiki, watu wakaangua kicheko. Wakamburuta kando. Nikamlisha keki shangazi, dada yake baba, na picha zikapigwa.

Tangu siku hiyo aliiogopa dawa. Alimwomba daktari aipunguze kidogo kidogo mpaka ikaisha. Misuli ikamkunja magoti, hayakunyooka tena. Leo mie ni mtu mzima, namgeuza kitandani asubuhi na jioni, naye huuma shuka ili nisisikie anavyoumia. Wiki iliyopita alinishika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuaibisha siku yako."

Nikamjibu, "Nilishakusamehe, mama."